Mzee Aliyetaka Akataliwe

Shuleni walimwita Papa Chef de gare, yaani mkuu wa stesheni ya treni, naye kila mara aliwasahihisha. Hakuwahi kuwa chef de gare, alisema. Chef de gare alikuwa mtu wa kukaa ofisini na kunywa chai. Yeye alikuwa mtu wa nje, wa kugeuza reli na kuonyesha bendera, jua liwake au mvua inyeshe. Masahihisho hayo hayakumsaidia chochote, jina lilikuwa limeshamganda. Mimi nilimwita Papa tu, kama ninavyomwita kila mwanaume wa umri wake, na hapa nitamwita mzee wa bendera.

Sijui alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa nani. Hakusema, nami sikuuliza. Nilimfahamu kwa miaka tisa kutoka mlango wa jiko la shule, mahali nilipopika bukari, ugali wetu, na mboga ya watoto. Binti yangu Ngalula alikuwa mmoja wa watoto hao. Shule yetu ilikuwa nyumba ya kawaida ya vyumba vinne, pembeni mwa Lubumbashi, upande wa barabara inayokwenda Kinsevere, na ilipokea watoto ambao shule nyingine zilikuwa zimewarudisha kwao. Wengine hawakusema kabisa. Wengine walirudia neno moja tangu asubuhi hadi saa ya kutoka. Madaktari wana jina la hali hiyo, autisme, yaani usonji, na sisi wazazi tulilishika jina hilo kwa mikono miwili, maana majina tuliyokuwa tumepewa kabla yake yalikuwa mabaya zaidi.

Mzee alipofika, akiwa amestaafu kazi ya reli na kuajiriwa kwetu kama msimamizi wa nidhamu, shule ilikuwa na kengele. Ilikuwa rimu ya gari iliyofungwa kwenye mti wa mparachichi, nayo iligongwa kwa nondo. Kila ilipogongwa, watoto walipiga kelele, na mvulana mmoja alipigiza paji la uso ukutani. Sisi watu wazima tulisema watazoea. Mzee alisikiliza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na spana, akaishusha rimu ile bila kumwuliza Directrice, mkuu wa shule, akaivingirisha hadi nyuma ya choo na kuiacha huko. Kisha akatoa ndani ya mfuko wake bendera mbili za kazi yake ya zamani, nyekundu na kijani. Nyekundu maana yake ilikuwa acha unachofanya, niangalie. Kijani ilikuwa nenda kwenye jambo linalofuata. Alipita mlango hadi mlango, akanyoosha mkono, akangoja bila kusema neno. Kabla mwezi haujaisha, saa ya mapumziko shuleni kwetu ilikuwa tulivu, na Directrice aliyekuwa ameandaa maneno ya kumkaripia hakuyasema tena.

Hakuwa mtu mpole, nisidanganye. Kwa wazazi alikuwa mkali hadi kero. Mama akichelewa kumchukua mtoto, mzee alimwonyesha saa ya mkononi, akaigonga kioo mara mbili kwa kucha, akageuka bila kumsalimia. Sisi watu wazima alituita "weye", hata wanawake wenye wajukuu. Lakini watoto aliwaita kwa heshima Monsieur na Mademoiselle, wote, hata yule mdogo ambaye bado alikuwa anavaa nepi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wakubwa tumeshaheshimiwa vya kutosha, haitaongeza kitu.

Na hakumgusa mtoto bila kumwonyesha kwanza mkono. Aliuweka mkono hewani, karibu na bega, akangoja mtoto ausogelee au auepuke. Mtoto akiuepuka, mzee aliurudisha mfukoni kana kwamba alikuwa anatafuta leso. Nimeona wageni, watu wa msaada na watu wa kanisa, wakiwakumbatia watoto wetu kwa nguvu kwa ajili ya picha, na mzee akasimama pembeni, akiwatazama kama mtu anayeona treni inaingia reli isiyo yake.

Kungoja ndiko kulikokuwa kipaji chake. Alimwuliza mtoto swali, kisha akakaa. Dakika ikapita. Ya pili ikapita. Walimu wanafunzi waliotumwa kujifunza kwetu walishindwa kuvumilia, wakamjibia mtoto au wakarudia swali, naye aliinua kidole. "Ngoja kidogo," aliwaambia. "Iko nakuya." Mara nyingi jibu halikuja. Lakini lilipokuja, lilikuwa ni la mtoto mwenyewe.

Wifi yangu alikuwa amekwisha kuamua kwamba Ngalula ana uchawi. Alitaka nimpeleke mahali fulani akafungwe kwa maombi, bila chakula, siku kadhaa. Nililia jikoni, mzee akanisikia. Hakunipa hotuba. Alisema nimlete wifi shuleni ashinde siku nzima. Alipokuja, mzee alimpa bendera nyekundu aishike saa ya mapumziko, akamwonyesha jinsi ya kuinyoosha. Uwanja mzima ukasimama mbele ya wifi yangu. Watoto wote wakamgeuzia nyuso, hata wale wasiomtazama mtu machoni, wakangoja aseme wafanye nini. Sijui aliona nini pale. Alirudisha bendera, akaondoka bila kula, na habari ya maombi yale haikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Lazima niseme pia upande wake mwingine, maana alikuwa nao. Mtu huyu aliyekuwa simba mbele ya wazazi, kwake hakuwa na sauti. Alikuwa na nyumba nzuri ya zamani katika commune ya Kenya, mtaa wa hapahapa mjini kwetu, na ukoo wote uliijua njia. Mpwa alikuja kwa wiki moja, akaoa humohumo. Mwingine alichukua baiskeli. Mwingine alisogeza kochi la mzee pembeni ili runinga ipate nafasi. Mwishowe mwenye nyumba akawa analala kwenye chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa stoo. Nilimtania siku moja, nikamwuliza yeye husema hapana lini. Hakucheka. Alisema tangu utotoni hakuwahi kufundishwa neno hilo, na sasa ulimi umekuwa mzito. Nilidhani ananitania naye, kumbe alikuwa ananijibu.

Ngalula alikuwa mwanafunzi wake bora, na hilo lilikuwa fahari yangu. Alikuwa na maneno machache, mengi ya kurudia, lakini bendera alizielewa kuliko wote. Nyekundu ikiinuliwa, alisimama hata kama mguu mmoja ulikuwa hewani. Kuanzia hapo akawa mtoto wa kutii kila kitu. Mwambie kaa, anakaa. Mwambie leta maji, analeta. Majirani waliokuwa wanamkimbia walianza kumsifu: mtoto ana heshima, mtoto hajibu. Mimi niliyekuwa nimeona aibu miaka yote nilizinywa sifa hizo. Alipofika miaka kumi na minne, aliruhusiwa kurudi nyumbani peke yake, dakika kumi kwa miguu, njia moja iliyonyooka.

Siku ile ilikuwa ya mvua. Lori moja la kwenda machimboni lilikuwa limeharibika na kusimama kando ya barabara, sehemu ileile ambapo njia yetu inapita. Lilikuwa limebeba mabomba marefu yaliyotokeza nyuma, na kwenye ncha ya bomba, kama madereva wanavyofanya, palifungwa kitambaa chekundu. Ngalula alifika pale saa sita na nusu. Akakiona kitambaa. Akasimama.

Alisimama hadi karibu saa kumi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, alimfunika kwa bashi, turubai lake la plastiki, akamwuliza anamngoja nani, hakupata jibu. Dereva alimwambia aondoke, lori likirudi nyuma litamponda. Ngalula alisogea hatua moja kwa sababu ameambiwa, akarudi hatua moja kwa sababu kitambaa kilikuwa bado pale. Watu walicheka kwanza, kisha wakaogopa. Nilipofika pale nikirudi nyumbani kutoka jikoni, nilimvuta, naye akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za rimu. Nikatuma mtu amwite mzee.

Alikuja anakimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia. Alitazama lori, akamtazama mtoto, akatazama ile ncha ya bomba. Alikwenda moja kwa moja, akakifungua kile kitambaa na kukitia mfukoni. Ngalula aliacha kulia palepale, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, nguo zimemganda mwilini, bila kutugeukia. Dereva alidai kitambaa chake. Mzee hakumsikia, alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Mama Ngalula," aliniambia, "nilimufundisha kitambaa. Kujiamulia yeye mwenyewe, sikumufundisha."

Nilitaka kumfariji. Nikasema asijilaumu, angalau sasa mtoto anatii, na watoto wangapi wa siku hizi wanatii. Aliinua uso. Sitasahau jinsi alivyonitazama, bila ukali wowote, na ukali ungenifaa zaidi.

"Iko nakomea," akasema, yaani anazidi kukua. "Ile siku mwanaume atamuambia kuya huku, ataenda?"

Nilijua jibu, na nadhani nilikuwa ninalijua muda mrefu. Mama wa msichana asiyesema anajua jambo hilo kila anapofunga mlango kwenda sokoni. Nilikuwa nimelifunika kwa sifa za majirani. Binti yangu angekwenda na yeyote, popote, angefanya lolote aliloambiwa, na asingeweza kunisimulia. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshika ukuta wa kila nyumba.

Baada ya hapo mzee akageuka mtu mwingine kazini. Bendera zilibaki kwa ajili ya mapumziko, lakini kila asubuhi alianza somo ambalo halikuwa kwenye programu yoyote. Lilikuwa somo la kukataa. Aliketi mbele ya mtoto, akampa amri ya kipuuzi, akangoja akataliwe. Weka kiatu juu ya kichwa. Kunywa maji ya chaki. Nipe mkate wako wote. Mtoto akisukuma, akitikisa kichwa, akigeuka, kwa namna yoyote ile, mzee aliacha mara moja, akaondoa kitu chake na kumshukuru.

Shida ya kwanza ilikuwa walimu. Watoto walihitaji kuona mfano, kwa hiyo maîtresse, mwalimu wao wa kike, alitakiwa amkatalie mzee mbele yao, kwa sauti, akimtazama. Maîtresse wetu alikuwa msichana aliyelelewa vizuri. Aliinamisha macho, akasema kwa sauti ndogo, "Apana, Papa, pardon." Mzee akamwambia aondoe pardon, samahani hiyo haihitajiki. Akasema tena, "Apana, Papa." Mzee akamwambia aondoe na Papa. Hapo msichana wa watu alianza kulia, akasema hawezi, mama yake angekuwa hapa angekufa. Ilichukua juma zima. Mimi nilijaribu nikiwa na mwiko mkononi, nikacheka, nikashindwa, nikarudi jikoni nikijiuliza ni mwanaume gani niliyewahi kumkatalia kwa neno hilo tupu, bila kulifungia kwenye maelezo. Sikumpata.

Watoto walilishika neno hilo, wengine haraka, wengine polepole. Yule mvulana wa paji la uso alilishika siku ya pili na hakuliachia. Wazazi wakaanza kuja. Palifanyika mkutano, na baba mmoja mfanyabiashara, mtu mwenye heshima zake, alisimama akasema mtoto wake amemkatalia bibi yake mzaa baba mbele ya wageni. Alisema shule ilikuwa na kazi moja, kuwafanya watoto hawa wakubalike mbele za watu, na sasa inawafundisha ujeuri juu ya ugonjwa. Wengi waliguna kumuunga mkono. Nilitazama sakafu. Nilikuwa upande wa mzee, lakini sikusimama, na hilo nalijutia.

Mzee alisimama na koti lake la reli, lililopigwa pasi kama kawaida. Alizungumza kwa ufupi.

"Bibi alimuambia mutoto nini?" aliuliza.

Yule baba akasema alimwambia ambusu mgeni.

"Na mutoto alikuwa namujua ule mugeni?"

Mzee akasema hataki ugomvi na bibi wa mtu, na afadhali watoto wakosee upande huu mara mia, wamkatalie bibi, wamkatalie yeye, wamkatalie padri. Kosa hilo linarekebishika Jumapili kwa kuomba samahani. Kosa la upande wa pili halirekebishiki. Kisha akakaa. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao. Yule baba mfanyabiashara hakumtoa wa kwake, ingawa hakumsalimia mzee tena hadi mwisho.

Ngalula ndiye aliyeshindwa somo. Sijui niseme vipi jambo hili. Kila asubuhi niliacha sufuria na kusimama mlangoni. Mzee alisema, Mademoiselle Ngalula, weka kiatu juu ya kichwa, na mwanangu alivua kiatu na kukiweka kichwani, akakishika kwa mkono mmoja, akangoja amri inayofuata. Hakuna aliyecheka. Mzee alingoja dakika zake, kisha alikitoa kiatu kwa upole, akakipangusa, akamvisha baada ya kumwonyesha mkono. Kesho yake tena. Miezi ikapita, mwaka ukapita, mwili wa mtoto ukawa wa mwanamke. Wanaume walianza kugeuza shingo tukipita. Niliacha kwenda popote bila yeye, hata chooni nilimwacha mlangoni nikimwimbisha ili nijue kwamba bado yupo.

Kuna siku nilimkasirikia mzee. Nilimwambia aache, anamdhalilisha mtoto wangu kila siku kwa kiatu. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya maîtresse. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba hapo nimemkatalia vizuri sana, bila pardon. Nilibamiza mlango wa jiko. Lakini kesho yake aliacha kiatu, akaanza na kikombe.

Aliacha kazi miguu ilipoanza kuvimba. Ngalula alikuwa na miaka kumi na sita. Hakutaka sherehe, alikabidhi bendera kwa maîtresse, akapita kwa kila mtoto kumwambia kwamba kesho hatakuja, wala keshokutwa, kwa sababu watu wakiondoka bila kusema, watoto hawa wanaendelea kungoja. Kwangu alisema tu nisichoke na kungoja. Nilikuwa nimechoka tayari, ila sikumwambia.

Mara ya mwisho tulimwona Jumapili moja mchana, mwaka uliofuata. Tulisikia amepigwa na kiharusi, tukaenda kwake Kenya baada ya misa. Sebuleni wapwa walikuwa wanatazama mpira. Mmoja alituonyesha kwa kidevu chumba cha nyuma. Mzee alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba, upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda kidogo. Alitutambua. Maneno yalimtoka moja moja, nami nilingoja kila moja kama alivyonifundisha. Aliuliza habari za shule. Kisha macho yakamwendea Ngalula, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake.

"Na Mademoiselle?"

Nilijua anauliza nini. "Bado, Papa," nikasema.

Alifumba macho. Nilidhani amechukizwa, kumbe alikuwa amepatwa na usingizi, ule usingizi wa wagonjwa unaokuja ghafla. Nilikaa nikimtazama. Ngalula naye alimtazama, na yeye huwa hamtazami mtu. Huko nje mawingu yalikusanyika, chumba kikawa na giza la mvua. Nikasimama, nikafunga kitambaa changu kichwani.

"Ngalula, tuende."

Hakuinuka. Huyu ni mtoto ambaye huwa ameshasimama kabla sijamaliza neno. Nilidhani hajasikia. Nikamwambia tena tuende, mvua iko nakuya.

"Apana," akasema.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Mlango ulikuwa wazi, wapwa wamesikia, na mtoto anamjibu mama yake hivyo kwenye nyumba ya watu. Mkono wangu ulikuwa umeshamshika kiwiko kumvuta. Ndipo neno lile likanifikia. Nilimwachia. Nikaegemea ukuta, nikalia bila kujificha. Nilikuwa nimeomba alijue neno hilo kwa ajili ya wanaume wa barabarani, na mtu wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi.

Kisha nikamkumbuka mzee. Alikuwa pale, urefu wa mkono tu, na alikuwa amelingoja neno lile tangu siku ya lori. Nikainama nimtikise bega.

"Apana," akasema Ngalula tena, kwa sauti ileile. "Papa iko nalala."

Tulikaa hadi mvua ikaisha, naye hakuamka. Alifariki Jumatano. Msibani nilimsimulia Directrice, na maîtresse, na hata yule baba mfanyabiashara aliyekuja kuzika. Wote waliniuliza swali moja: kwa nini sikumwamsha? Niliwajibu kwamba binti yangu alinikataza.